MAISHA YA TAICHIRO MORINAGA, MPIKA PIPI WA JAPANI

Tukiulizwa darasani kutaja watu mashuhuri waliokwisha kufa, wengi wetu hutaja wafalme, majemadari na wavumbuzi wa mitambo. Mimi nimeona vema kuwaeleza, ninyi wanafunzi wenzangu pamoja na ndugu zetu mliokwisha kupita shuleni hapa, habari za mtu ambaye hakuwa na jeshi wala kiti cha enzi. Kazi yake ilikuwa kuchemsha sukari na maziwa. Hata hivyo nchini Japani hakuna mtoto asiyelijua jina lake, maana limeandikwa juu ya pipi, biskuti na chokoleti anazozila. Mtu huyo ni Taichiro Morinaga.

Sikumchagua kwa sababu ya utamu wa pipi zake. Nimemchagua kwa sababu ya maswali mawili ambayo sisi tunaokaribia kuondoka shuleni twajiuliza kila siku. La kwanza, je, kazi ya mikono yaweza kumpa mtu heshima sawa na kazi ya ofisini? La pili, je, mtu aweza kutajirika bila kuupoteza uaminifu wake? Nadhani maisha ya Morinaga yajibu yote mawili, ingawa jibu la pili si rahisi kama la kwanza.

Taichiro alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Imari, kisiwani Kyushu, upande wa kusini-magharibi wa Japani. Imari ni bandari, na kwa miaka mingi ndiyo iliyosafirisha vyombo vya kauri vilivyotengenezwa Arita na mahali pengine jirani. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa vyombo hivyo. Kabla ya kuzaliwa kwake watawala wa Japani walikuwa wamefunga milango ya nchi kwa zaidi ya miaka 200, na biashara ya Waholanzi na Wachina iliruhusiwa Nagasaki tu. Sukari iliingia kwa mlango huo, ikachukuliwa kwa njia kuu ipitayo katika nchi ya Saga, ndipo ikafika kwingine. Kwa hiyo watu wa pande zile walionja vitu vitamu mapema, na hata leo njia ile huitwa njia ya sukari.

Lakini utoto wake yeye haukuwa na utamu. Baba yake alifariki Taichiro angali mdogo sana, mali ya ukoo ikapotea, na mama yake akaolewa kwingine. Mtoto akawa wa kuhamishwa kutoka nyumba ya ndugu huyu hadi ya ndugu yule, na elimu yake ikawa haba. Mwisho alichukuliwa na mjomba wake, Bunzaemon Yamazaki, aliyekuwa mfanyabiashara. Mjomba hakumdekeza. Alimpa konnyaku, yaani chakula kitengenezwacho kwa kiazi cha kwao, akamtuma kukitembeza mitaani. Pamoja na kazi hiyo alimfundisha masharti ya biashara: asiuze kitu kibovu hata kama faida yake ni kubwa, asishushe bei aliyokwisha kuipanga kwa haki kwa kuwa mnunuzi amenung'unika, wala asiifanye kazi kwa pupa kana kwamba matunda yataonekana kesho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Masharti hayo tutayaona tena mbele.

Alipokuwa kijana alikwenda Yokohama, bandari kubwa iliyokuwa na wageni wengi, akafanya kazi katika biashara ya vyombo vya kauri. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 23, aliiacha familia yake akapanda meli kwenda Marekani na shehena ya vyombo vya Kutani. Alitumaini kuviuza kwa faida. Alipofika San Francisco aliona kwamba vyombo vile havikupata wanunuzi, naye hakujua Kiingereza cha kutosha wala hakuwa na wenyeji wa kumsaidia. Biashara ikafa. Akabaki ugenini bila fedha.

Kampuni yake husimulia kwamba siku moja katika hali hiyo alikuwa ameketi katika bustani ya mji, amechoka na kukata tamaa, ndipo bibi mmoja mzee akampa pipi. Akaitia kinywani. Wakati ule vitu vitamu vya kizungu vilikuwa vigeni kwa Wajapani wengi, na wale wachache waliovijua waliviagiza kwa bei kubwa kutoka ng'ambo. Taichiro akawaza kwamba kitu kile kikitengenezwa Japani kwa mikono ya Wajapani, watoto wa nchi yake nao watakipata. Tangu hapo akaacha fikira za vyombo akaazimu kujifunza kutengeneza pipi.

Kuazimu ni jambo moja, na kupata mwalimu ni jambo jingine. Wajapani walidharauliwa sana pande zile za California, na wenye viwanda vya pipi hawakutaka kumpokea. Alifanya kazi za utumishi wa nyumbani, aliosha vyombo, alifagia, na kila alipofukuzwa alibisha hodi mlango mwingine. Katika mji wa Oakland aliishi na wazee Wakristo, mume na mke, waliomtendea kwa wema bila kujali rangi yake. Wema huo ulimshangaza kuliko mahubiri. Akaanza kusoma Biblia, akabatizwa katika kanisa la Methodisti.

Moto wa imani ulimwaka hata akasahau pipi kwa muda. Mwaka 1890 alirudi Japani ili awahubirie ndugu zake. Nao hawakumpokea. Dini ile ilikuwa imepigwa marufuku Japani kwa zaidi ya miaka 200, na watu wengi walikuwa wangali wakiichukia. Ndugu zake waliona aibu na hasira, hata yule mjomba aliyemlea. Taichiro akatambua kwamba hana cha kuwaonyesha isipokuwa maneno. Akapanda meli tena akarudi Marekani kutafuta ule ufundi alioukusudia kwanza.

Safari hii alipata nafasi katika nyumba za mikate na pipi huko Oakland. Alianza na kazi za chini kabisa, kama kusafisha sakafu na masufuria. Huku akisafisha alitazama: sukari huchemshwa kiasi gani, maziwa hutiwa lini, moto hupunguzwa wakati gani. Ninyi mnaojua kupika mtakubali kwamba sukari haina simile. Ikizidi moto kidogo huungua ikawa chungu, ikipungua moto haigandi. Ujuzi kama huo hauandikwi ukutani. Hupatikana kwa jicho na mkono. Aliusoma kwa miaka mingi, na alipofungua safari ya kurudi kwao mwaka 1899, ilikuwa imepita miaka 11 tangu alipoondoka mara ya kwanza.

Tarehe 15 Agosti 1899 alifungua karakana yake mtaa wa Akasaka, mjini Tokyo. Nasema karakana, lakini chumba chenyewe hakikufika mita za mraba 7. Vitanda 3 vya bweni letu vingekijaza. Humo alitengeneza karameli na pipi za namna nyingine, na zaidi ya zote mashimalo, ile pipi nyeupe iliyo laini kama pamba. Alipozipeleka kwa wenye maduka hawakuzitaka, maana hawakuzijua, na walihofu kwamba hakuna atakayezinunua. Ndipo akatengeneza mkokoteni wenye sanduku la kioo, akapanga pipi zake ndani zikaonekana vizuri, akauvuta mwenyewe mitaani. Juu ya mkokoteni aliandika maneno ya Biblia. Watu walicheka wakamwita muuza pipi wa Yesu. Yeye hakuyafuta maneno yale.

Mkokoteni ule ndio uliomtoa. Wageni waliokaa Tokyo waliziona pipi walizozijua tangu utoto wao, wakanunua. Mmoja wao alikuwa mke wa mjumbe wa serikali ya Marekani. Wakubwa wa Kijapani wakafuata, na baadaye wenye maduka wale wale waliokataa wakaja kuagiza. Na kwa kuwa mashimalo yaliitwa na Wazungu chakula cha malaika, mwaka 1905 Morinaga alichagua picha ya malaika kuwa alama ya biashara yake, ameshika herufi za kwanza za majina yake mawili. Alama hiyo imebadilishwa umbo mara kadhaa, lakini malaika yuko hata leo.

Mwaka huo huo wa 1905 alikuja mtu aliyeyageuza mambo yake, naye ni Hanzaburo Matsuzaki. Huyu alikuwa amesoma Rikkyo, shule ya misheni ya Kianglikana huko Tokyo, na alijua mambo ya biashara na barua za ng'ambo. Walipatana hivi: Morinaga asimamie kiwanda, Matsuzaki asimamie mauzo, na baada ya miaka 5 biashara ile isiwe tena mali ya mtu mmoja bali kampuni ya hisa. Mapatano yakatimizwa. Kampuni ikaundwa mwaka 1910, na mwaka 1912 ikaitwa Morinaga Seika, jina ililo nalo mpaka sasa. Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Fundi alikuwa na mikono, msomi alikuwa na kalamu, wala hakuna aliyemdharau mwenziwe. Fundi peke yake angebaki na mkokoteni. Msomi peke yake asingekuwa na kitu cha kuuza.

Sasa nieleze kazi iliyomletea sifa kuliko zote. Karameli aliyojifunza Marekani haikufaa Japani. Kwanza, harufu ya maziwa na siagi iliwachukiza watu ambao hawakuzoea vyakula hivyo. Pili, majira ya joto huko yana unyevunyevu mwingi, na karameli ililainika ikanata. Ilibidi kuiuza katika makopo ya bati, nayo makopo yaliongeza bei hata mtu wa kawaida asiweze kununua. Morinaga alibadilisha upishi wake mara nyingi, akaifunga kila karameli katika karatasi ya nta ili unyevu usipenye. Mwaka 1913 akaipa jina la karameli ya maziwa. Mwaka 1914 palikuwa na maonyesho makubwa Tokyo, na hapo kampuni ilitoa kijaluba cha karatasi cha rangi ya manjano, chenye karameli 20, kwa bei ya seni 10, yaani sehemu ya kumi ya yeni moja. Kijaluba kiliingia mfukoni. Cha kuchekesha ni kwamba hapo kwanza kilitangazwa kwa watu wazima waliotaka kuacha tumbaku, ili wapate kitu kingine cha kutia kinywani. Watoto hawakungoja kualikwa. Karameli ile ikaenea nchi nzima, na kijaluba cha manjano chauzwa hata leo.

Baada ya karameli ikaja chokoleti. Kwa muda mrefu watengenezaji wa Japani walinunua chokoleti iliyokwisha kusagwa ng'ambo, wakaiyeyusha na kuimimina katika vyombo vyao tu. Mwaka 1918 kiwanda cha Morinaga kilianza kuzichukua mbegu za kakao zenyewe, kuzikaanga, kuzimenya, kuzisaga na kuzichanganya na sukari na maziwa mpaka zikawa chokoleti, kazi yote chini ya paa moja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Japani kufanya hivyo kwa mashine za kiwanda. Jambo hili latuhusu. Japani hailimi kakao kwa kadiri ya kutosha viwanda vyake. Yailazimu kuileta kwa meli kutoka mbali. Sisi Uganda twailima Bundibugyo, tena nyingi, na sehemu kubwa huondoka nchini ikiwa mbegu kavu. Asiye na shamba alijifunza kusaga, na mwenye shamba auza magunia. Sisemi zaidi, ila wanaosoma kemia na kilimo na walifikiri.

Morinaga alijua pia kwamba pipi njema hutaka maziwa mema. Mwaka 1917 ilianzishwa kampuni ya kutengeneza maziwa mazito ya kopo, ili kiwanda kisitegemee maziwa ya ng'ambo. Biskuti nazo zilikuwa kazi kubwa. Biskuti ya duara iitwayo Marie ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, tetemeko kubwa la nchi liliiangamiza Tokyo na Yokohama, na moto uliofuata ukaua watu wengi kuliko tetemeko lenyewe. Watu walio hai walikaa nje bila nyumba wala chakula. Kampuni ya Morinaga ilitoa biskuti, pipi na maziwa yake ikawagawia bure. Mwaka 1930 ikatoka biskuti nyingine laini kwa watoto wachanga, nayo ikaitwa Manna, kwa kukumbuka chakula ambacho wana wa Israeli walikiokota jangwani.

Msomaji atadhani kwamba mtu aliyeipa biskuti jina la Biblia hakuyumba kamwe katika imani yake. Sivyo. Biashara ilipokua na fedha zilipoongezeka, Morinaga alijitenga na kanisa, akaishi miaka mingi kama tajiri mwingine yeyote. Yale maneno aliyoyavuta mitaani juu ya mkokoteni, akichekwa na watu, hakuyafuata alipokuwa na kiwanda na motokaa. Umaskini haukuweza kumnyang'anya imani, lakini utajiri uliweza. Jambo hili huwa halitajwi sana katika sifa zake, lakini mimi naona ndilo lenye mafunzo zaidi. Sisi tukisali hapa shuleni twadhani jaribu kubwa litakuwa shida. Kumbe huenda likawa raha.

Uzeeni, baada ya kufiwa na mkewe, aliyarudia yale aliyoyaacha. Mwaka 1935 aliacha uongozi wa kampuni, na Matsuzaki akachukua mahali pake. Yeye akaanza kusafiri katika nchi ya Japani akisimama mbele ya watu kueleza maisha yake. Hakujisifia viwanda. Alijitaja kuwa mwenye dhambi kuliko wote, akasimulia jinsi alivyopewa wema bila kustahili akiwa mgeni fukara. Aliifanya kazi hiyo mpaka nguvu zikamwishia. Alifariki tarehe 24 Januari 1937, mwenye umri wa miaka 71.

Alipofariki, pipi za kizungu hazikuwa ngeni tena Japani. Wengine walikuwa wamekwisha kuingia katika kazi hiyo. Mmoja wao, Riichi Ezaki, alikuwa mtu wa Saga kama yeye, na mwaka 1922 alianza kuuza Osaka karameli iitwayo Glico. Kampuni ya Ezaki ndiyo iliyotoa mwaka 1966 vijiti vya biskuti vilivyopakwa chokoleti viitwavyo Pocky, ambavyo vyajulikana sasa katika nchi nyingi. Kampuni ya Meiji ilitoa chokoleti yake ya maziwa mwaka 1926. Kampuni ya Morinaga yenyewe ilitoa mwaka 1975 pipi ya kutafuna iitwayo Hi-Chew, nayo yauzwa hata Marekani, nchi ile ile ambayo mwanzilishi wake alifukuzwa milangoni.

Haki yanitaka niongeze jambo moja la huzuni. Mwaka 1955, miaka 18 baada ya kifo chake, kampuni ya maziwa yenye jina la Morinaga, iliyokuwa imekwisha kutengana na ile ya pipi, iliuza maziwa ya unga yaliyoingiwa na sumu. Dawa iliyotiwa ili maziwa yasiharibike ilikuwa na aseniki, wala haikupimwa kama ilivyopasa. Watoto wachanga zaidi ya 100 walikufa, na maelfu waliugua. Wazazi walidai haki kwa miaka mingi, na mwaka 1974 ndipo kilipoanzishwa chama cha kuwatunza waliodhurika. Yule mjomba wa Imari, aliyekuwa akimtuma kijana kuuza konnyaku mitaani, alimwambia asiuze kitu kisichofaa hata kama faida ni kubwa. Jina jema huchukua miaka 50 kujengwa, na uzembe wa kiwanda kimoja watosha kulitia doa. Anayerithi jina hana budi kurithi na masharti yake.

Basi narudi kwa yale maswali mawili. La kwanza Morinaga amelijibu wazi. Alisafisha masufuria ya watu akiwa mtu mzima mwenye familia, wala sifagio wala sufuria havikumpunguzia heshima, kwa kuwa alijua anatafuta nini. Mchagua jembe si mkulima. Kwetu wako wanaotoka shuleni na cheti, wakakaa nyumbani miaka 2 wakingoja meza na kiti, huku karakana za jirani zinatafuta vijana. Matsuzaki mwenye cheti cha shule ya misheni hakuona haya kumwendea mpika pipi na kufanya kazi pamoja naye.

La pili ni gumu zaidi, na mimi sitajidai kulimaliza. Morinaga alishinda njaa, akashindwa na shibe, kisha akarudi. Ningependa ninyi mliokwisha kutoka shuleni, mlio na maduka, mashamba na vyeo, mtuandikie katika gazeti hili mtuambie jinsi mlivyofanya ninyi. Sisi tulio njiani twangoja kusoma.